Spana ya Pembe Tano

Mtu mzima akirudishwa shule, hata viatu vyake vinamwonea haya. Fundi Bomba alikuwa na miaka hamsini na sita na wajukuu watatu, akajikuta amebanwa kwenye kiti chenye kibao cha kuandikia, kiti kilichotengenezwa kwa watu wembamba, anafundishwa na mwalimu mdogo kuliko mapacha wake. Somo lenyewe liliitwa maendeleo endelevu. Halmashauri ya kwao ilipata nafasi moja ya kumpeleka mtu muhula mzima nchi ya mbali, nchi ya jua na mvua kama kwao, akajifunze namna ya kufanya miradi idumu. Ofisa aliyepangiwa safari alivunjika mguu zikiwa zimebaki siku kumi. Katika watu wote wa idara ya maji, mwenye pasipoti alikuwa Fundi peke yake. Aliikata kwa ajili ya harusi ya mpwa wake nchi jirani, harusi ikafa, pasipoti ikabaki. Bahati haiulizi nani amesoma, inauliza nani yuko tayari.

Kwao alikuwa mtu. Kisima kilikuwa kimoja, cha bomba la mkono, na kaya zaidi ya mia mbili zilikinga hapo. Walioleta bomba lile miaka kumi na tisa iliyopita waliogopa wezi wa vyuma, wakalifunga kwa nati za pembe tano badala ya pembe sita za kawaida. Spana za dukani zinateleza juu yake kama mkono wenye sabuni. Spana maalumu zilikuja tatu. Moja ilitumbukia kisimani, moja iliondoka na fundi aliyelifunga, na ya tatu ndiyo ya Fundi Bomba. Bomba likikohoa, anaitwa yeye. Akifika, akina mama wanampisha kama bwana harusi. Anavua shati, anawaambia watu wasogee, anawapa mgongo, anafungua. Wa kumshikia vyuma ni mkewe, Mama Pacha, basi. Mwingine haruhusiwi hata kuinama. "Kazi hii ina siri yake," alipenda kusema. Na siri yenyewe, tusimseme sana, ilikuwa mpira mmoja mweusi mdogo kama kisahani cha kahawa, unaochakaa kila baada ya mwaka na kubadilishwa.

Huko ugenini hakuna aliyemjua kwa lolote. Bwenini walimpa chumba cha peke yake, ghorofa ya tatu, mwisho wa korido, kwa heshima ya umri wake. Heshima hiyo ndiyo iliyomtesa. Vijana walikaa wawili wawili, wakipikiana chai na kuazimana pasi, na kicheko chao kilipita ukutani hadi kwenye mto wake. Wakikutana naye ngazini, wananyamaza wote kwa pamoja. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, wanangu." Wanashuka, wakifika chini wanaendelea kucheka. Kwenye bwalo la chakula alichagua meza ya katikati makusudi, ili atakayekosa nafasi aje kwake. Zilijaa meza zote, yake ikabaki na viti vitano vitupu, na mara kwa mara kijana anakuja, anainama kwa adabu, anauliza, "Mzee, kiti hiki kina mtu?" Akijibiwa hakina, anakibeba anakwenda nacho. Mgeni ni kuku mweupe, anaonekana na kila mtu. Lakini kuonekana si kukaribishwa.

Wiki ya tatu aliona bomba la bafuni kwenye korido yake linadondosha maji. Matone mawili, kimya, tone moja. Damu ya ufundi ikamchemka. Alifungua koki kwa vidole na kipande cha kitambaa, akakata washa, kipete cha mpira, kutoka kwenye kandambili iliyokatika, akafunga. Kimya. Alisimama akiutazama ukavu ule kwa furaha ambayo hakuwa ameionja tangu ashuke kwenye ndege.

Mtunza bweni, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, alikuja kumgongea asubuhi yake.

"Mzee wangu, nasikia umegusa koki."

"Nimeitengeneza tu, dada. Ilikuwa inavuja."

"Nimeona. Lakini hapa tuna fundi wetu. Mtu anajaza fomu, fundi anakuja. Ukitengeneza wewe, yeye tutamwambiaje?"

"Mwambie ametengenezewa."

"Ataona tumemnyang'anya kazi, mzee wangu. Wewe pumzika, usome."

Pumzika, usome. Alirudi chumbani, akavuta sanduku chini ya kitanda, akafungua taulo la njano lililokuwa limekunjwa chini kabisa. Ndani yake ilikuwamo spana ya pembe tano.

Aliifungasha usiku wa kuamkia safari, mkewe akiwa jikoni. Mwenyewe alijiambia anaibeba ili akawaonyeshe walimu. Wiki zikapita, hajamwonyesha mtu. Ukweli anaujua mtu na moyo wake: aliogopa kwamba atarudi akute bomba limefunguliwa na mikono mingine na watu hawakumkumbuka. Kwa hesabu zake, mpira ulikuwa bado na nguvu ya miezi sita, na yeye anarudi baada ya minne. Hakuna atakayeumia. Basi akawa anaitoa spana ile, anaipakata, anaifuta, anairudisha. Kila mtu ugenini ana kitu chake cha kushika.

Wiki ya saba mwalimu aliwapa kazi: kila mtu aandike kuhusu mradi wa kwao uliodumu. Fundi aliandika kurasa nne kwa mwandiko wa kulala, akieleza bomba lililokaa miaka kumi na tisa bila kufa kwa sababu lina fundi mmoja mwaminifu. Karatasi ilirudi na swali moja dogo pembeni, kwa penseli: "Na fundi akiwa hayupo?"

"Mtoto huyu hajawahi hata kuchota maji," Fundi alinung'unika, akaisukuma karatasi chini ya daftari.

Jumatatu iliyofuata, mchana, simu ikalia. Alikuwa Mama Pacha.

"Baba Pacha, bomba linameza hewa."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Unasukuma mpini mara arobaini unapata kikombe. Watu wameanza kwenda bwawani."

"Mpira umeisha huo. Kiangazi kimekuwa kikali, kila mtu anakinga hapo."

"Na mimi nimesema hivyohivyo. Sasa spana umeiweka wapi?"

Tuseme kweli, jambo la kwanza lililopita moyoni mwake halikuwa aibu. Lilikuwa raha. Wanamhitaji. Kaya mia mbili na zaidi, na hakuna wa kuwasaidia ila yeye. Raha hiyo ilidumu muda wa kumeza mate. Nyuma yake ndipo aibu ikaingia na mizigo yake yote.

"Angalia stoo," akasema. "Nyuma ya magunia."

Kesho yake Mama Pacha akapiga tena. Magunia yametolewa yote nje, hakuna kitu. "Basi juu ya kabati." Jumatano: kabati limeshushwa, wamekuta panya na kadi za kliniki za mapacha. "Labda kwenye dari." Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imefika darini, juu ya dari hakuna pengine pa kwenda.

Alikwenda posta ya chuo akauliza kifurushi kinachukua muda gani hadi kwao. Wiki tatu, wakamwambia, nne kama kuna sikukuu. Mama Pacha ana goti bovu, na bwawa liko mwendo wa saa moja kwenda, saa moja na nusu kurudi, ndoo ikiwa kichwani.

Alhamisi mkewe alipiga akiwa na sauti ya chini, sauti ya mtu aliyejificha nyuma ya nyumba.

"Mambo yameharibika huku. Kamati imekaa. Wanasema spana kaiba Mlinzi."

"Mlinzi gani?"

"Tunao wangapi? Mlinzi wa kisima. Wanasema wiki ile uliyoondoka alipita mnunuzi wa vyuma chakavu, na stoo yako ufunguo mmoja anao yeye. Wamemnyang'anya funguo za geti la kisima. Leo amekaa barazani kwake, uso kaelekeza ukutani. Mkewe kaja kwangu analia."

"Yeye mwenyewe amesemaje?"

"Ndilo linalonishangaza. Hasemi. Wakimwuliza, anasema tu kwamba hakuiba. Wakimwuliza basi iko wapi, ananyamaza."

Fundi alisema atapiga baadaye. Akaketi kitandani. Dirisha lake lilitazama mgongo wa jengo la kufulia. Mashuka meupe yalikuwa yameanikwa mistari minne, na hakuna mtu hata mmoja kati yake. Mlinzi yule alikuwa mtu wa maneno machache, aliyefiwa na mke wa kwanza, na katika miaka kumi na tisa hajawahi kuchukua hata kipande cha kamba kisicho chake. Fundi aliinuka akaenda darasani. Alikaa saa mbili mbele ya mwalimu, hakusikia neno. Akarudi. Akashika simu, akaiweka. Mficha uchi hazai, walisema wa kale, lakini kuuvua mbele ya mke uliyemringia miaka yote si jambo jepesi.

Ijumaa saa nne asubuhi alipiga.

"Mama Pacha, spana iko huku."

"Huku wapi?"

"Huku niliko. Sandukuni."

Alisikia kuku wake mwenyewe wakiparura nyuma ya sauti ya mkewe, ng'ambo ya bahari.

"Uliifungasha," mkewe alisema.

"Niliifungasha."

"Kwenye taulo la njano. Nimelitafuta taulo hilo mwezi mzima, nikamsingizia jirani. Nimemnunia mtu wa watu bure."

"Nisamehe, mke wangu."

"Usianze na mimi. Mimi nimeumia goti tu. Kuna mtu amekalishwa kikao." Alivuta pumzi. "Haya, hilo tutalirudia. Nipe vipimo nimpelekee mchomeleaji aichonge nyingine."

"Mchomeleaji hajui, ataharibu pembe za nati. Na hata akichonga, nani atafungua? Kazi hii ina siri..."

"Siri gani, Baba Pacha?" Hakupandisha sauti. "Miaka kumi na tisa nilikuwa nakushikia vyuma nimefumba macho? Unafungua nati nne za kifuniko. Unatoa pini ya mpini. Unavuta fito moja moja, zetu ni tisa, na ya sita imepinda kidogo, unaizungusha kulia ndiyo inatoka. Pistoni iko mwisho. Mpira unaubandua kwa bisibisi, hauung'oi kwa nguvu. Mipira mipya iko kwenye kopo la maziwa nyuma ya mlango. Nimeacha nini?"

Fundi alitafuta cha kuongeza. Alitafuta kwa bidii, kama mtu anayepapasa mfukoni akijua fika hana kitu.

"Kuupaka sabuni kabla ya kuurudisha," akasema mwishowe.

"Sabuni ya mche, si ya unga. Najua. Ulikuwa unaazima ya kwangu na hurudishi."

"Kwa nini hukuwahi kuniambia kwamba unajua?"

"Ulikuwa na furaha sana ukiwa na siri yako. Mtu ana furaha yake, nimnyang'anye ya nini?"

Aliweka spana juu ya karatasi ya daftari, akaizungushia penseli. Akaazima rula kwa binti wa chumba cha pili, ambaye alimpa bila kuuliza na kufunga mlango taratibu. Akapima kila upande wa pembe tano, unene, urefu wa mkono, akaandika tarakimu kubwakubwa ili zisomeke. Mara tatu alipiga picha akakata nusu ya karatasi. Mara ya nne ikatokea nzima, na kona ya shuka la bweni ikaonekana pembeni. Akaituma. Halafu hakujua la kufanya na mikono yake.

Spana ya kwanza ya mchomeleaji ilikuwa pana, ikazunguka tupu juu ya nati. Wazee wa kamati wakaanza kuguna. Mama Pacha akawaambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akairudisha karakana na kukaa hapohapo kwenye kigoda mpaka ya pili ikachongwa mbele ya macho yake. Jumapili saa tisa bomba likatoa maji. Alituma ujumbe wa maneno mawili: "Yametoka. Mengi." Fundi aliusoma zaidi ya mara kumi, akihesabu mle ndani ni wapi alipo yeye.

Wiki hiyo aliichomoa karatasi yake chini ya daftari, akaandika upya, ukurasa mmoja badala ya nne. Hakutia mapambo. Aliandika kwamba fundi alipoondoka aliondoka na spana, na kwamba aliyejua kazi alikuwapo siku zote, ila hakuwa na cha kufungulia. Mwalimu aliisoma, akavua miwani, akavaa tena. Fundi alipata alama za juu kuliko darasa zima. Alitoka nje na karatasi ile mkononi, akatazama uwanja mzima uliojaa vijana wakipiga picha na kuitana, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni.

Nyumbani simu zikapungua. Kwanza akajidanganya kwamba ni mtandao. Mchomeleaji alikuwa ametengeneza spana tatu; kamati imechagua akina mama watatu na mwanamume mmoja wafundishwe, na mwalimu wao ni Mama Pacha. Akipiga, anamkuta njiani. "Naenda kisimani, Baba Pacha, nitakupigia." Hapigi. Si kwa chuki, kazi zimemjaa. Zamani alikuwa akipiga kila siku kuuliza hili liko wapi na lile linafanywaje. Sasa kila kitu kiko mahali pake.

"Una hasira bado?" alimwuliza siku moja.

"Zimekwisha. Nilizitumia kuvuta zile fito."

"Na Mlinzi? Umemwambia?"

"Nimewaambia watu wote kikaoni, na funguo wamemrudishia. Lakini samahani ni kama dawa ya kumeza, haimezwi kwa niaba. Mpigie."

Ilimchukua siku sita. Jumamosi alasiri, mvua ikipiga bati la jengo la kufulia na mashuka yote yakiwa yameanuliwa, alisimama dirishani akapiga.

"Fundi," Mlinzi alisema, kama vile wameachana asubuhi. "Za huko?"

"Nzuri, kaka. Za kwako?"

"Tunashukuru. Maji yapo."

"Nimepiga kwa ajili ya lile jambo. Nimekukosea. Nilikaa siku nne nikisikia na sikusema."

"Siku tano," Mlinzi alisema, bila ukali, kama mtu anayerekebisha hesabu ya ndoo. "Lakini nilijua."

"Ulijua nini?"

"Sanduku lako nililibeba mimi hadi stendi. Kila nikikanyaga jiwe, ndani linagonga. Nikasema huyu kabeba nguo gani zinazogonga kama nyundo? Spana ilipokosekana nikakumbuka."

Fundi aliegemea ukuta. "Sasa kwa nini hukuwaambia?"

"Ningesemaje? Mtu yuko ugenini, peke yake. Nimvue nguo mbele za watu, na mwenyewe hayupo wa kujifunika? Nikasema atasema mwenyewe."

"Na kama nisingesema?"

Mvua iliendelea kupiga bati.

"Ingeniuma," Mlinzi akasema. "Mke wangu aliniuliza hilohilo. Nikamwambia ingeniuma, lakini ningezoea. Haya, Fundi, samahani imefika, nimeipokea. Ngoja kidogo, geti limesongwa na watu, usikate."

Fundi akangoja. Alisikia kitambaa kikisugua, kisha sauti zikawa nzito. Mlinzi alikuwa ameitumbukiza simu mfukoni. Geti likalia. Mpini ukaanza kupanda na kushuka, na maji yakagonga chini ya ndoo tupu, yakabadilika mlio kadiri yalivyopanda.

"Nani kaweka ndoo yake mbele ya yangu?"

"Imejisogeza."

"Ndoo haina miguu, shoga."

"Ya kwangu inayo, inafuata maji."

Wakacheka. Mtoto akakatazwa kuchezea tope. Kwa mbali, upande wa karakana ya mchomeleaji, nyundo ilikuwa ikigonga. Kisha akaisikia sauti ya Mama Pacha, ya karibu sana, ikimwelekeza mtu: "Usiibane kwa hasira. Bana mpaka ikukatalie mara moja, hapo iache. Ukilazimisha, mwakani tutalia." Na mwanamke mwingine: "Kama hivi, mwalimu?" "Hivyohivyo."

Fundi alikuwa ameikandamiza simu sikioni hadi sikio limepata moto. Alingoja mtu amtaje. Hakutaka sifa, la; neno tu, hata la utani, hata la kumsema. Mtu aulize, hivi yule mzee atarudi lini? Ndoo moja ikajaa, ikaja nyingine. Walizungumza bei ya vitunguu, ujauzito wa mtu fulani, mbuzi wa mtu fulani. Dakika kumi na nne zilipita hivyo, watu wake wote wakiwa ndani ya kiganja chake na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba yupo. Hakuita. Wangeshtuka, na foleni ilikuwa inakwenda vizuri.

Kisha mlio ukakatika. Salio lilikuwa limekwisha.

Kwenye korido vijana walipita wakikimbia mvua, viatu vikiteleza sakafuni, na mmoja akasema wanyamaze, mzee amelala. Wakanyamaza wote kwa pamoja, wakapita mlangoni kwake kwa ncha za vidole.